Jino la chonge, jino la kuchonga, jino la mchongo: tuelewane basi

Mama mdogo wangu yuko Newala, siyo mtu wa kuandika andika kwenye simu, ila siku hiyo furaha ilimzidi akarusha kwenye grupu la familia picha ya mjukuu wake wa miaka 11 kacheka mdomo wazi, chini yake kaandika "mjukuu wangu kaota jino la mchongo jamani". Dakika tano hazijaisha moto ushawaka. Mjomba wa Dar anauliza kwani mtoto kang'olewa lini mpaka awekewe jino feki. Babu mdogo wa Masasi yeye haandiki, anapiga simu moja kwa moja, anafoka, nani kamchonga mtoto meno zama hizi, mnataka tuitwe ustawi wa jamii? Na shemeji yetu mmoja, huyu kila kitu kwake ni utani, akaandika "mchongo ni mchongo, tugawane". Kumbe mama wa watu alitaka kusema jino la chonge tu, basi. Lile jino lenye ncha la pembeni.

Nikasema ngoja nifafanue, nikaandika meseji ndefu, hakuna aliyeisoma. Ndo naileta huku kwa kirefu, maana nimegundua siyo familia yetu tu, watu wengi hili neno na ndugu zake yanawachanganya.

Tuanze na mzizi. Kuchonga unakujua, unachonga penseli, unachonga mpini wa jembe, unachonga kinyago, yani unapunguza kitu kwa chombo chenye makali mpaka kipate umbo unalotaka. Sasa Kiswahili kina katabia kake, ukichukua kitenzi ukakimalizia na e mara nyingi unapata kile kitu au mtu aliyetendewa. Kuumba, kiumbe, yule aliyeumbwa. Kutuma, mtume, yule aliyetumwa. Kushinda, mshinde, na hapa wengi wanakosea, mshinde siyo aliyeshinda, ni aliyeshindwa. Kukata, mkate. Kwa mstari huohuo kuchonga inakupa chonge, ni kama lugha inasema hili jino limechongwa. Nani kalichonga? Hakuna, limeota hivohivo, lakini ukiliangalia unaona kabisa kama kuna fundi alikaa nalo na patasi. Mimi huwa naona hilo ni jambo zuri sana, kwamba waliotupa hili neno waliangalia mdomoni mwa mbwa wakaona kazi ya useremala.

Afu sasa chonge kwa asili yake ni jina, siyo kivumishi. Vivumishi vya kweli kwenye Kiswahili, vile vya kubadilika kichwani kama -refu, -kali, -zuri, ni vichache, ukitafuta cha kusema "chenye umbo kama la chonge" kwa neno moja hukipati. Ndo maana tunazunguka. Tunachukua jina tunaliwekea -a, tunapata jino la chonge, meno ya chonge. Au tunaweka -enye, mbwa mwenye chonge ndefu. Vitabu vya sayansi vya shule ya msingi vinabana zaidi vinaandika "meno chonge" bila kitu katikati, nayo ni sawa, ni jina limesimama nyuma ya jina. Na likisimama peke yake linaenda kama ngoma au meza, chonge yangu inauma, chonge zangu zinauma. Tofauti za hizi njia ni ndogo ila zipo. "Mtoto ana meno ya chonge" haina habari yoyote, kila mtoto anayo. "Mtoto ana chonge kweli" hapo mtu anageuka kuangalia, maana yake ni kwamba zimetokeza.

Na kama kitu siyo jino kabisa ila kina umbo hilo, hapo sema kina umbo la chonge, au kimechongoka kama chonge. Usiseme "jiwe la chonge" ukategemea nikuelewe, nitafikiri ni jiwe lililotoka kwenye jino.

Umbo lenyewe ni lipi? Hapa ndo watu wanalegea. Wanadhani chonge maana yake ni kali. Hapana bwana. Panga la kupalilia mikorosho ni kali, linakata mpaka mfupa, lakini halijachongoka. Chukua kifuo, kile kijiti au chuma tunachosimika uani kufulia nazi, kimechongoka haswa, lakini ukipapasa na kiganja pale pembeni hakikukati hata kidogo, kazi yake ni kuingia kwenye kumbi halafu wewe unapindua mkono. Kwa hiyo ukali ni wa makali, kuchongoka ni kwa ncha. Chonge iko upande wa kifuo, siyo upande wa panga. Ni nene huku kwenye shina, inapungua taratibu, inaishia kwenye ncha, na mara nyingi imepinda kidogo. Hivi vitu vinne vikitimia ndo nasema kitu kina umbo la chonge. Pilipili kichaa, nakubali. Mwiba wa mchongoma, hapana, umenyooka sana na mwembamba, japo jina lake linafanana na ukoo huu. Korosho sasa, watu wa huku wakiona kitu kimepinda lazima waseme kama korosho, lakini korosho imepinda tu, ncha haina, imeviringa huku na huku. Siyo chonge. Ukwaju hivohivo.

Turudi mdomoni. Mtu mzima mwenye meno kamili ana 32, manane ya mbele ya kukatia, chonge 4, halafu magego, yale madogo 8 na makubwa 12. Mtoto wa meno ya utoto ana 20, na hapo pia chonge ni 4. Kazi yake tulikaririshwa darasani, meno ya mbele kukata, chonge kuchana, magego kusaga, na ukitaka kuhakikisha angalia mtu anavyokula pweza mgumu au muhogo mkavu, atahamishia pembeni bila kujijua. Ina mzizi mrefu kuliko jino lolote mdomoni, ndo maana wazee wanabaki bila meno ya mbele wala magego ila chonge moja imesimama peke yake kama mnazi kwenye shamba lililofyekwa.

Na hapa ndo kwenye kesi ya mjukuu wa Newala. Chonge za juu za ukubwani ni za kuchelewa, zinatoka kwenye miaka 11 au 12 hivi, wakati majirani zake wa mbele na gego dogo la nyuma yake wameshakaa siku nyingi. Sasa fikiria bajaji ya kutoka Feri imeshajaa watu watatu nyuma, anakuja wa nne na mzigo wake. Hashuki mtu. Atakaa wapi, atakaa kwa kuning'inia. Chonge nayo ikikosa nafasi inatokea juu kwenye ufizi, nje ya mstari, inaonekana imepandia meno mengine. Siyo ugonjwa wala siyo nuksi, ni taya dogo na jino lililochelewa, ukiona imezidi unampeleka mtoto kwa daktari wa meno akaangalie. Nasema siyo nuksi kwa sababu najua huku kwetu meno yanabeba mambo, mtoto akianza kuota meno ya juu kabla ya chini anaitwa kigego na kuna nyumba watu walikuwa wanamwogopa mtoto wa watu bure kabisa. Tuliache hilo.

Sasa wanyama, na hapa ndo neno linaanza kuteleza, kwa sababu chonge ina maana mbili zinazotembea pamoja bila kuambiana. Moja ni nafasi, jino linalokaa kati ya yale ya mbele na magego. Ya pili ni umbo, jino lolote lenye ncha ndefu. Kwa simba, chui, mbwa na nyani hazigombani, jino liko pale pale na umbo ni lile lile. Ngiri naye, zile anazotokeza pembeni ya pua ni chonge kweli, zimekua tu mpaka zikatoka nje. Kiboko wa Ruvuma akipiga mwayo zile mbili kubwa za chini za pembeni ni chonge.

Lakini tembo? Waulize watu kumi, tisa watakwambia pembe, na mahakamani na kwenye taarifa za habari utasikia "meno ya tembo". Mahakama iko sahihi. Pembe inaota kichwani kama ya ng'ombe, hii inatoka kwenye taya la juu, ni jino. Ila siyo chonge! Ni meno yake ya mbele yale ya kukatia, yamerefuka. Kwa nafasi ni jino la mbele, kwa umbo ni chonge ukiliangalia hata gizani. Kwa hiyo mtu akisema tembo ana umbo la chonge mdomoni yuko sawa, akisema tembo ana chonge amekosea. Najua inaonekana kama ubishi wa kijiweni, na kweli nimeibishania kijiweni, nikanywa kahawa vikombe sita.

Mamba ndo kinyume chake. Mamba wa huku ana meno kama 64 mpaka 68 na yote, kuanzia la mbele mpaka la mwisho, yamechongoka. Hana magego, hatafuni, anashika anazungusha anameza, jino likivunjika linaota lingine. Sasa mtu akikuuliza chonge za mamba ni ngapi unajibu nini? Kwa umbo zote, kwa nafasi hakuna, maana hakuna magego wala meno ya kukatia ya kukaa katikati yake. Panya na sungura nao chonge hawana kabisa, pale ni pengo tupu kati ya meno ya mbele na magego.

Nyoka nao wana lao. Kifutu, yule mnene anayelala njiani kwenye majani makavu ya mikorosho, yale meno yake mawili yana tundu ndani kama sindano ya hospitali, akifunga mdomo yanalala kuelekea nyuma, akifungua kupiga yanasimama. Koboko na swila yao yamesimama muda wote, mafupi zaidi. Wengine wanayaita chonge za nyoka, mi sigombani nao kwa sababu ya umbo, lakini "meno ya sumu" inakupa habari ya maana zaidi. Chatu hana ya sumu ila ana mengi yaliyopinda kuelekea kooni, ukiingiza mkono usivute. Na kwa vile tumefika kwenye kutisha, wale wa kwenye filamu wanaonyonya damu shingoni wana chonge za juu zimerefuka, watoto wanaigiza na maganda ya machungwa. Mumiani tuliyetishiwa sisi hakuwa na chonge. Alikuwa na sindano na gari.

Haya, jino la kuchonga.

Bibi mzaa mama alikuwa Mmakonde wa uwanda wa juu kule, alizaliwa kabla hata hajui mwaka, na meno yake ya mbele ya juu yalikuwa yamechongwa ncha ncha. Wamakonde wa zamani walifanya hivo kama walivyochanja chale usoni na kama wanawake walivyovaa ndonya mdomo wa juu, ulikuwa ndo urembo na ndo utambulisho, pande zote mbili za Ruvuma. Mi nikiwa mdogo nimetoka kukariri somo la meno shuleni nikamwambia bibi wewe una chonge 8. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema chonge nilipewa na Mungu 4 kama wewe, haya mengine nimelipia. Akanieleza alivyoshikwa kichwa, fundi ana kachuma kadogo kama patasi na kitu cha kugongea, anabandua kidogo kidogo, na ukilia unachekwa maisha yako yote. Akasema maji ya kisimani baada ya hapo yanauma kama moto.

Ukiangalia bibi alikuwa amejibu swali lote la makala hii kabla sijaota ndevu. Chonge ni jino lililozaliwa na umbo. La kuchonga ni jino lililozaliwa na umbo lingine, la kukatia, likapewa umbo la chonge na mkono wa mtu. Kwa hiyo "meno ya kuchonga" hiyo ku- inakuonyesha kazi, kuna fundi, kuna siku, kuna maumivu. "Meno ya chonge" haina fundi. Utayaona hata kwenye mapiko, vile vinyago vya kuvaa kichwani kwenye ngoma, vingi vya zamani vimechongwa mdomo wazi na meno yenye ncha, na hapo ndo lugha inajichanganya vizuri, maana ni meno ya kuchonga yaliyochongwa, mara mbili. Fundi wa kinyago anachonga mti kuonyesha meno aliyochonga fundi mwingine. Kwenye vinyago vya mpingo vya mashetani, ule mtindo ambao mchongaji Samaki Likankoa anahesabiwa kuwa ndo aliuanzisha miaka ya 1950, hapo shetani akipewa jino refu linalotoka nje ya mdomo hiyo ni chonge, siyo urembo wa Kimakonde. Shetani hajapelekwa kwa fundi.

Babu mdogo wa Masasi ndo alisikia hili. Kizazi chake neno lolote la chong- likikaa karibu na meno kinakumbuka patasi.

La mchongo sasa ni la juzi juzi. Kwanza mtaani mchongo ukawa ni dili, kazi, mpango wa kupata hela, "nimepata mchongo bandarini". Halafu ukageuka, kitu cha mchongo kikawa ni kitu cha kupangwa, siyo halisi, feki. Penalti ya mchongo. Ndoa ya mchongo. Daktari wa mchongo. Ukiifikiria siyo mbali na chanzo, kitu kilichochongwa ni kitu kilichotengenezwa, na kilichotengenezwa siyo cha asili. Mjomba wa Dar alisikia hiyo, akasoma jino feki. Na shemeji akasikia ile ya dili. Kumbe kila mtu alielewa sawasawa kwa umri wake na mji wake, neno ndo lilikuwa siyo lenyewe. Kuna na kuchonga nyingine ya kuongea sana, "unachonga sana wewe", hiyo nashukuru haikuingia siku hiyo.

Kosa lingine la karibu ni chongo. Herufi moja tu. Chongo ni kukosa jicho moja, ndo ile apendaye chongo huita kengeza. Simu zinazojisahihisha zenyewe zinapenda sana hii, unaandika binti ana chonge nzuri, inaenda binti ana chongo nzuri, posa imevunjika. Na kuchongea ni kumsema mtu kwa mkubwa ili apate tabu, ingawa ukinichongea mpini ni kwamba umenichongea mimi nikafaidi. Hapo sentensi ndo inaamua.

Kwa wanaoandika, naomba moja tu. Mlima, paa, pua, kidevu, viatu vile vya mbele ncha, vyote hivyo vimechongoka, usivipe chonge. Kuchongoka ni kupana, kunabeba kila chenye ncha. Chonge ibakie kwa meno na kwa vitu ambavyo kweli vinakukumbusha jino, vyenye shina nene na kupinda.

Mfano mzuri wa mwisho uko Lindi, Tendaguru, ule mlima uliokaa kama kilomita 60 kaskazini magharibi ya mji. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 mpaka 1913, wakatoa zaidi ya tani 200 za mifupa ya dainosaria, ikabebwa na watu wetu kichwani kwa miguu mpaka Lindi, ikapanda meli. Yule mkubwa aliyesimamishwa Berlin ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu, na pamoja na ukubwa wote huo chonge hana hata moja, meno yake ni ya kuchuma majani, mapana kidogo kama kijiko. Lakini katika mzigo huohuo kulikuwa na meno machache ya mla nyama, yamechongoka, kingo zake zina misumeno mikubwa, na mwaka 2012 mtaalamu Eric Buffetaut akampa mwenye nayo jina Ostafrikasaurus. Mnyama mzima, mwili haujulikani, tunamjua kwa meno tu. Miaka kama milioni 150 imepita na kilichobaki chake ni umbo la chonge. Kwa nafasi siyo chonge, yuko kwenye kundi moja na mamba, ila kwa hilo sidhani kama kuna atakayekwenda kumbishia.

Meseji hii yote niliituma kwenye grupu, vipande kumi na nne. Mama mdogo akajibu "sawa mwanangu nimeelewa ni jino la chongo". Shemeji ndo admini, usiku huohuo akabadilisha jina la grupu, saivi linaitwa Familia ya Mchongo.